Jani Lisilo na Tundu

Kisomaji changu kilikataa kuniambia jina la mmea. Nilikichomeka kwenye jani la mtama, nikahesabu pumzi tatu kama kawaida, nikingoja ile sauti yake ya kujidai iseme, "Tulivu, toleo la tisa, kufuli imefungwa." Badala yake kikawasha taa ya njano na kuandika kwenye kioo kwamba mmea huu haujulikani. Nikakifuta kwa pindo la shati, nikahamia mmea wa pili. Haujulikani. Wa tatu nao haujulikani, tena haukufanana na wa pili wala wa kwanza.

"Labda kina kiu," ikasema sauti nyuma yangu. "Kipe maji kwanza, ndipo ukiulize maswali."

Nikageuka. Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mrefu, mwembamba, jembe begani, na nyuzi nyekundu zimening'inia mkononi mwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniamkia yeye kwa Kigogo, "Mbukwa," kana kwamba ile salamu ya kwanza ilikuwa ya serikali na hii ndiyo ya nyumbani kwake. Jina lake Sechelela Ndahani. Shamba lilikuwa lake na wanawake wenzake kumi na wanane wa Chihwaga. Nami nikajitambulisha kwa ukamilifu, maana cheo changu kilikuwa kirefu na nilikipenda: Daktari Nyanzala Kasanda, Mkaguzi Mkuu, Idara ya Utulivu wa Mbegu, Dodoma.

Cheo hakikumgusa. Alitaka kujua Kasanda wa wapi. Nilipomwambia wa Uyui, Tabora, uso wake ukafunguka wote.

"Kumbe Mnyamwezi! Mtani wangu kabisa. Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, wakanywa maji yetu, wakatulipa ushuru. Wewe umepita na fimbo ya plastiki. Haya, lete hiyo kofia."

Mtani akishataja ushuru huna pa kukimbilia. Nikavua kofia yangu pana ya Idara, yenye feni ndogo ya kupoza utosi, nikamkabidhi. Akaivaa, akasikia upepo kichwani, akacheka hadi jembe likamponyoka. Ilikuwa saa nne asubuhi na joto limeshafika nyuzi arobaini na nne kivulini, na mimi nimesimama kichwa wazi katikati ya Ugogo.

Tangu nitoke Dodoma sikuwa nimeona jani bichi. Kulia na kushoto mwa barabara ulisimama mtama wa Tulivu, mbegu ya Idara, kilomita baada ya kilomita, mashina yote kimo kimoja na yote yamekauka katika juma moja, utadhani yalipewa amri. Ule ulikuwa msimu wa sita wa upepo wa moto. Katika picha ya setilaiti iliyoletwa mezani kwangu mkoa mzima ulikuwa wa rangi ya mkate, isipokuwa doa moja la kijani, ekari nne tu, hapa Chihwaga. Idara haipendi madoa. Nilitumwa kuja kuliondoa.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo sikumwambia Sechelela asubuhi ile. Kufuli iliyomo ndani ya kila punje ya Tulivu niliitengeneza mimi.

*

Utaratibu haukuwa na kona. Mbegu yoyote ambayo kufuli yake imefunguka huchomwa shambani na ghalani, kabla jua la siku ya pili halijazama. Droni mbili za kazi hiyo zilitangulia kufika, zikatua kwenye uwanja wa shule, zikatandaza mabawa yao meusi na kukaa zikingoja kidole gumba changu. Nilipofika pale saa sita kuzikagua, nilikuta wanawake wawili wameanika mlenda juu yake. Nikawauliza kama wanajua vyombo vile ni vya nini. Wakasema hawajui, lakini vina joto zuri na kuku hawavipandi.

Nilikwenda nyumbani kwa Sechelela kumweleza ukweli, kwa sababu sipendi kumchomea mtu shamba bila kuketi naye. Akanipa kigoda na maji, akasikiliza bila kunikatiza. Nikamwambia kwamba ndani ya mtama kuna kitabu cha maagizo, cha jinsi ya kuota, kunywa na kuzaa, na kwamba zaidi ya nusu ya kitabu hicho si maagizo hata kidogo. Ni vipande vinavyoweza kujinakili na kurukia ukurasa mwingine. Maabara tunaviita virukaji. Siku za kawaida mmea wenyewe huvikalisha kitako. Joto likizidi, walinzi hulegea, virukaji huamka na kuanza kuruka ovyo. Vingi huangukia pasipo maana, vingine huharibu. Lakini kipo kimoja kimoja kinachoangukia kando ya agizo lenye faida, mfano agizo la kufunga vinyweleo vya jani ili maji yasipotee. Kwa kuwa kirukaji huamshwa na joto, kila kikiamka humwamsha na jirani yake. Kama kirukaji hicho kimo kwenye kichomozo ambacho baadaye kitakuwa suke, basi na punje zitarithi. Mtoto wa mtama huo huzaliwa anajua kwamba joto likija, maji yashikwe mapema.

"Kama nyumba ya yule jirani yangu anayetwanga alfajiri," akasema Sechelela. "Akiamka yeye, tumeamka wote."

Nikakubali kwamba ni hivyohivyo. Akauliza sasa ubaya uko wapi.

Nikamwambia ubaya. Mtama una agizo jingine, la kutengeneza sumu kwenye majani yake ili usiliwe. Kirukaji kikiangukia kando ya agizo hilo, joto linaamsha sumu. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni ukame ulipoingia Uyui, na ng'ombe kumi na mmoja wa baba yangu wakavunja ua na kuingia kwenye mtama ulionyauka. Hadi kufika adhuhuri walikuwa wamelala wote, midomo ina povu, na majani mabichi bado yako katikati ya meno. Baba aliketi juu ya gogo la zizi akiwatazama. Hakufuga tena mpaka anakufa, na mimi nikaapa kwamba mtama hautaruka tena. Miaka kumi na minne baadaye nikapata kufuli: mlinzi asiyelegea, joto liwe vyovyote. Niliipenda ile kufuli kama ninavyowapenda wanangu, na sioni haya kuandika hivyo.

Sechelela akanipa pole ya ng'ombe, pole ya kweli, kwa kirefu, kama vile walikufa jana. Mgogo anajua ng'ombe ni nini. Kisha akasema kwamba lakini kufuli yangu mbovu, kwa sababu wao waliifungua bila kujua kama ipo.

*

Kisa chenyewe alinisimulia huku akimenya karanga, nami nitakifupisha kwa sababu yeye alikipitisha kwa kila shangazi.

Miaka mitano nyuma mabinti watatu wa Chihwaga walikuwa wanatoka unyagoni, na pombe ya kuwatolea ilikuwa haijapikwa. Mtama wa Tulivu wa msaada ukalowekwa kwenye magunia siku tatu hadi ukachipua, ili uwe kimea. Mchana wakauanika juu ya jiwe kubwa la kijijini, ambalo wakati wa jua huwezi kulikanyaga kwa mguu mtupu. Usiku wakauacha palepale kwenye baridi. Mchana wa pili jua tena, usiku baridi tena, mchana wa tatu jua. Siku hiyohiyo jioni mvua ikanyesha, mvua ambayo haikutazamiwa hata kidogo, na kijiji kizima kikakimbilia mashambani kwa vurugu. Mwanamke mmoja, jina lake Mwaja, akabeba gunia aliloliona karibu. Akapanda kimea.

"Alipanda pombe, mtani wangu," akasema Sechelela. "Tulimcheka mwezi mzima. Tukamwambia ikiota tutavuna ikiwa imelewa."

Kimea hakioti, kila mtu anajua. Kati ya punje elfu ilishika labda moja, ile ambayo jua lilikuwa halijaimaliza. Miche ilichomoza huku na huku, ikadumaa, ikachekwa. Kisha upepo wa moto ukaja kwa mara ya kwanza, ukaua mtama wote wa kijiji, na katikati ya shamba la Mwaja ikabaki imesimama mimea thelathini na mitatu. Tangu hapo wanawake walisema mbegu ya kweli ni ile iliyopita unyagoni. Kila mwaka hurudia yale yale, gunia, jiwe, baridi, jiwe, na wakati wa kuanika huimba nyimbo zilezile za mabinti, kwa sababu hawajui ni sehemu gani ya shughuli iliyofanya kazi na hawataki kuacha hata moja.

Hapo nilianza kucheka na nikashindwa kuacha. Sechelela alidhani nacheka kimea. Nilikuwa najicheka. Kufuli isiyo na ufunguo haifai maabara, maana mtafiti lazima aweze kuifungua, kwa hiyo niliiwekea ufunguo: siku tatu za unyevu, kisha mchana wa nyuzi arobaini na nane, usiku wa kumi na tano, mchana, usiku, na mchana tena. Nilichagua mpangilio huo baada ya kukaa miezi nikitafuta hali ambayo punje haiwezi kuipata popote duniani kwa bahati. Nikaandika hivyo kwenye ripoti, kwa majivuno. Msomi mzima, binti wa Unyamwezi, niliyezaliwa na kukulia kwenye vyungu vya pombe, nilisahau kimea.

Nikamwambia Sechelela ukweli uliobaki, kwamba kufuli ni yangu. Akaivua kofia, akaikagua ndani na nje, akaivaa tena.

"Basi sirudishi," akasema.

*

Mzaha ulikwisha alasiri, niliporudi shambani na kuanza kupima kwa makini. Katika kila mimea mia, kisomaji kilinionyesha mitatu ambayo agizo lake la sumu limepata jirani mwenye joto. Mitatu kwa mia inatosha kuua zizi. Nilimweleza Sechelela kwa maneno mepesi iwezekanavyo, nikitarajia ashtuke.

Hakushtuka. Akaniambia wanaijua, wanaiita mikali, na kwamba mwaka wa kwanza iliwaua mbuzi wawili. Tangu hapo kila mwanamke ana mistari yake, na kila mmoja ndiye kungwi wa mistari yake mwenyewe. Anaipita kila siku tangu mtama ukiwa kimo cha goti. Anachotazama ni jani. Jani zuri, safi, lisilo na tundu hata moja la mdudu, ndilo wanalolitilia shaka. Likikaa siku saba bila kuguswa, mmea unafungwa uzi mwekundu, na kabla mtama haujachanua wenye uzi wote unang'olewa na kuchomwa kwenye shimo.

"Mdudu anaishi humo humo," akasema. "Kama yeye ameukataa, wewe nani?"

Miaka ishirini na sita nimewafundisha wakaguzi wachanga kwamba jani safi ni dalili ya mmea bora. Nilitazama majani ya shamba lile, yametobolewatobolewa, yamekaa kama nguo ya kazi, na nikaona kwamba huenda nilikuwa nikifundisha kinyume. Lakini huenda si ushahidi. Nikamwomba tupime: asubuhi, mstari mmoja wa kila mwanamke, na wenyewe wasimame kando wakinitazama.

Jioni ile nilimpigia Mkurugenzi, Bwana Byabato, ambaye si mtu mbaya. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanikumbusha kwamba mbegu inayosajiliwa ni ile isiyobadilika, na kwamba sentensi hiyo katika sheria niliiandika kwa mkono wangu. Akauliza kama droni ziko salama. Nikasema ziko salama, zina mlenda. Akasema hakunisikia vizuri.

*

Tulianza alfajiri kabla jua halijakaza. Mistari kumi na tisa, mimea mia sita na kitu. Wanawake walinifuata wakiimba kwa sauti ya chini na kunizodoa kila nilipoinama, wakiuliza kama Wanyamwezi wote wana viuno vizito hivi au ni mimi tu. Kisomaji kilikuwa kikisoma, mimi naandika. Uzi ulipokuwepo, sumu ilikuwepo. Mara nne uzi ulifungwa mmea usio na kosa, na wanawake wakasema afadhali kumfukuza mgeni mwema kuliko kumlaza mwizi. Tulipofika mstari wa kumi na nane kisomaji kilikuwa kimenionyesha mimea kumi na saba yenye sumu, na yote kumi na saba ilikuwa na uzi.

Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi hadi nikaogopa furaha yangu. Kisha tukaingia mstari wa kumi na tisa. Mmea wa ishirini na mbili, mrefu, mnene, majani yanang'aa, kisomaji kikawasha taa nyekundu. Uzi haukuwepo.

Nyimbo zikakatika. Nikauliza mstari huu ni wa nani. Ukawa ni wa Mwaja, yule yule wa kimea. Nikauliza Mwaja yuko wapi, kwa kuwa sikuwa nimemwona. Wakanijibu mmoja mmoja, bila kutazamana. Mwaja alijifungua siku ishirini zilizopita, yuko ndani, hajamaliza arobaini. Wote walikwenda kumtazama mtoto. Walipeleka uji, walipeleka kuni, walimwogesha. Hakuna aliyekumbuka kupita mistari yake.

"Tulimkumbuka mtoto," akasema Sechelela, "tukasahau mtama."

Niliketi pale pale kwenye mfereji, jua likinipiga utosini. Mmea mmoja tu. Lakini nilimwona baba juu ya gogo la zizi, na ng'ombe wa kumi na mmoja, yule mweupe, ambaye mimi ndiye niliyempa jina. Nikamwambia Sechelela kwamba siwezi. Mkikosea, nikasema, ng'ombe wa mtu atakufa, au mtoto atakayetafuna bua.

Aliketi kando yangu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Ni kweli. Tukikosea, atakufa ng'ombe, na utakuja kuuliza mstari ulikuwa wa nani, na utaambiwa jina. Hapa umeuliza, umeambiwa. Kufuli yako imekosea kutoka hapa hadi Dodoma, barabara nzima. Sisi tumwulize nani?"

Nilikaa nikitazama ule mmea mzuri. Kosa la Chihwaga halikuwa la kutojua. Elimu yao ilifanya kazi kila mahali palipokuwa na mtu wa kuipitisha. Palipokosekana mtu, sumu ikakaa. Na kufuli yangu, nikiisema kwa haki, niliitengeneza ili pasihitajike mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa, niliyoipigia debe kwenye mikutano ya nchi sita.

*

Saa tisa nilisimama uwanja wa shule, mbele ya droni, na fomu imefunguka kwenye kioo. Ina vyumba viwili tu: *Choma*, au *Imetulia*. Cha pili kingekuwa uongo. Cha kwanza kingeua shamba pekee lenye uhai katika mkoa mzima, pamoja na mbegu yake yote, iliyokuwa kwenye vihenge vitatu nyumbani kwa Sechelela. Wanawake kumi na wanane walisimama nyuma yangu, na wa kumi na tisa alinitazama kupitia dirisha la nyumba ya pili, mtoto kifuani.

Chini kabisa ya fomu kuna kipengele ambacho hakijawahi kutumika: pingamizi la mtengenezaji. Aliyetengeneza kufuli anaweza kuzuia moto kwa siku tisini mpaka kikao kikae. Siku tisini mtama utakuwa umevunwa, na kikao kitakuja kukuta ugali mezani. Lakini pingamizi linataka sababu, nami nikaiandika hivi: mbegu hii haijatulia na haitatulia, ninachoomba kisajiliwe ni watu wanaoitazama. Chini yake nikaandika majina, kila jina na mistari yake, nikiwauliza mmoja mmoja herufi. Kisha masharti mawili. Mstari usio na mtu wa kuupita haupandwi, na uliopandwa ukikosa mtu, unafyekwa. Na mbegu haitoki Chihwaga ila mikononi mwa mtu aliyepita mistari hapa msimu mzima.

Niliwasomea. Wakakubali, na Sechelela, ambaye hajui kupunguza jambo, akasema basi tuanze leo. Mistari kumi na minne ya Mwaja haina mtu, ifyekwe. Kila mmoja ana mistari mingi kupita nguvu zake, hakuna wa kuongeza. Alilisema akitazama lile dirisha la Mwaja, na niliona limemuuma. Mistari ile ilikuwa ya yule aliyepanda pombe, na ndiyo iliyozaa shamba lote. Wawili wakaenda kuchukua mapanga. Pale dirishani Mwaja alimfunika mtoto uso kwa kanga.

Nikapiga simu Dodoma. Nilimuuliza Bwana Byabato kama mkaguzi anaweza kuandikwa kwenye faili analolikagua. Akasema naijua sheria kuliko yeye.

"Ukiandika jina lako humo, Daktari, huwi mkaguzi tena. Nitalazimika kutuma mtu mwingine aje achukue vifaa."

"Usitume mtu," nikasema. "Vitakuja na droni."

Nikaandika: Nyanzala Kasanda, mistari kumi na minne, hadi Mwaja atakapotoka arobaini. Nikaweka kidole gumba. Kioo kikafikiri kidogo, kikakubali. Nikafunga kisomaji kwenye mguu wa droni ya kwanza. Mabawa yakajikunja, mitambo ikavuma, na zote mbili zikainuka kwenda Dodoma na mlenda wa watu, wenyewe wakizikimbilia na ungo na kulalamika kwamba ulikuwa haujakauka.

Mwaja alicheka kule dirishani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake.

*

Siku ya kwanza nilipita mistari yangu na sikuona kitu. Ya pili, nilijifunza kutofautisha tundu la panzi na tundu la kiwavi. Ya tatu ngozi ya utosi ilianza kubanduka, nikaenda kuomba kofia, na nikaambiwa ushuru haurudishwi, lakini naweza kuazimwa kanga. Nilikuwa na kadi ya Idara bado shingoni, kwa mazoea tu, na vijiji viwili vya jirani vilikuwa vimeshaleta mtu mmoja mmoja kuja kukaa msimu. Mmoja wao aliniuliza kama mimi ndiye yule daktari wa kufuli. Nikasema mimi ni wa mistari kumi na minne.

Siku ya saba, saa mbili asubuhi, nilisimama mbele ya mmea mmoja kwenye mstari wa tisa. Nilikuwa nimeutazama tangu siku ya kwanza. Shina lilinyooka, majani mapana, ya kijani kibichi, laini, na hakuna mdudu aliyeligusa hata moja. Ningekuwa bado ofisini, ningeuweka kwenye kalenda ya Idara. Niliyageuza majani yote, juu na chini, moja baada ya jingine, nikitumaini kwa dhati nitakuta tundu, hata dogo, hata la sindano. Sikukuta.

Nilitafuta uzi mfukoni, nikakumbuka nilimpa Sechelela wa mwisho jana yake. Basi nikavua kadi shingoni, nikaung'ata utepe wake mwekundu kwa meno, nikachomoa uzi mmoja mrefu, nikaufunga kwenye shina mara mbili ili usifunguke. Kisha nikaenda mmea uliofuata.